Sadaka ya Bi Mjuzi

Siku Luqmani alipomwona Mzee Stambuli akigombana na spika, alikuwa amekaa kwenye ukumbi wa mzee huyo kwa saa tatu na soda moja, akingoja mtu yeyote mwenye tamaa apite. Msimwite mvivu. Luqmani alikuwa mchapakazi kuliko wengi pale Msamvu, ila kazi yake ilikuwa kuwapunguzia watu mzigo wa mali zao, na kazi hiyo inataka subira.

Mzee Stambuli alishuka kutoka Matombo ujanani na mzigo wa ndizi, na sasa alikuwa na maduka mawili ya viungo pamoja na ukumbi ule wa starehe. Mwanawe aliyeko ng'ambo alikuwa amemtumia spika ya kuongea, nyeusi, ya mviringo, yenye taa ya bluu. Unaitajia wimbo, nayo inaupiga. Mzee, kwa kuwa ni mtu wa adabu, aliisalimia kwanza, kisha akaiomba ngoma ya kwao. Spika ikapiga magitaa ya wazungu wachunga ng'ombe. Akaiomba taarabu, ikamweleza hali ya hewa ya mji asioujua. Wahudumu wakainamia sakafu wasije wakacheka wakakosa kazi.

"Hii imefundishwa na nani?" Mzee aliuliza, na uchungu wake ulikuwa wa kweli. "Haimjui mwimbaji hata mmoja wa Morogoro. Yaani kwake yeye, sisi hatupo duniani?"

Luqmani alimhurumia sana. Alimhurumia mpaka akainuka na kulipia soda yake, jambo ambalo wahudumu walilizungumza siku mbili.

Mwezi haujaisha, alikuwa amepanga vyumba viwili ghorofani karibu na Soko la Chifu Kingalu. Katika cha mbele aliweka zulia, makochi na meza ndogo, na juu ya meza akamweka Bi Mjuzi. Bi Mjuzi alikuwa ganda la spika iliyokufa, lililonunuliwa kwa fundi wa redio, ndani yake mna simu ndogo iliyo hewani tangu asubuhi mpaka jioni. Taa ya bluu iliwashwa kwa kitufe chini ya meza, mahali goti la Luqmani lilipofika bila taabu. Chumba cha nyuma, chenye mlango wake wa kutokea kwenye ngazi, kilikuwa na rafu za simu arobaini za bei rahisi zilizopiga nyimbo za wateja mfululizo ili zipande chati za mtandaoni. Na katikati ya joto la simu hizo alikaa Yasmin.

Yasmin alitangaza mabasi stendi kwa miaka sita. Alikuwa na sauti ambayo mtu akichelewa safari, kisha akaisikia ikimwambia basi lake limeondoka, alijikuta anashukuru. Ikafika siku wakubwa zake wakairekodi ile sauti na kumwambia mwenye sauti aende nyumbani. Luqmani alimkuta nje ya stendi akijisikiliza, machozi yanamlenga. Wakapatana hapohapo: yeye awe Bi Mjuzi, awasikie wateja kupitia ile simu na kuwajibu kwa kifupi, naye Luqmani auweke wimbo wake kwenye simu zote arobaini. Wimbo wenyewe ulikuwa wa taratibu, unaitwa "Sahani za Wageni", wa mwanamke aliyefungiwa kabatini akingoja siku kubwa isiyofika. Yasmin hakutaka kingine katika dunia hii ila watu wausikie.

"Wiki ijayo," Luqmani alimwambia. Ilipofika wiki ijayo, akamwambia wiki ijayo.

Wateja walikuja. Alikuja Geofrey wa singeli kutoka Mwembesongo, akaja Laurenti, mwalimu wa kwaya ya Kihonda, akaja na Bi Mwaisha wa taarabu na kanga zake za kuwasema majirani. Kila mmoja alitoa chochote kitu, simu zikafanya kazi siku tatu, kisha akaitwa aje aulize mwenyewe nani anaongoza. Na kila mmoja, kwa kudura za Mola, alikuta anaongoza yeye. Siku watatu hao walipokutana kwenye ngazi, kila mmoja akiwa namba moja, Luqmani alitokwa na jasho. Bi Mjuzi akawatuliza. Geofrey ni wa kwanza kwa singeli, kuanzia alasiri hadi magharibi. Laurenti ni wa kwanza kwa kwaya zenye kinanda. Bi Mwaisha ni wa kwanza kwa nyimbo zinazosikilizwa na mtu mmoja akimfikiria mwingine. Walishuka wakipongezana, na Laurenti akaondoka anaimba singeli.

Kilichomshangaza Luqmani hata yeye ni mji. Bi Mjuzi akishautaja wimbo asubuhi, mchana waendesha bodaboda wanaupiga, jioni wanawake wa sokoni wanauimba huku wanafunga biashara, na kesho yake chati ya kweli inaukuta uko juu. Watu waliousikia jana wakaupuuza, leo waliukuta mtamu. Alianza kwa kusema uongo, lakini Morogoro yote ilikuwa inahangaika kumfanya mkweli, na aibu kidogo ilimshika.

Mzee Stambuli alipanda zile ngazi Jumatatu moja. Luqmani alimwamkia, akambusu mkono, akamkalisha kwenye kochi zuri. Mzee akauliza, bila matumaini, kama Bi huyu anaijua ngoma ya Matombo. Yasmin, ambaye bibi yake mzaa mama alikuwa wa hukohuko, aliipiga rekodi yenyewe, kisha akamtajia aliyeshika ngoma kubwa na kijiji alikozikwa. Mzee alivua kofia. Kesho yake akarudi, na keshokutwa.

Siku hiyo ya tatu tamaa ikashinda utamu wa ngoma. Mzee alishapiga hesabu zake: mwenye Bi Mjuzi ndiye mwenye wanamuziki wote, na wanamuziki watamwimbia bure ukumbini ilimradi watajwe. Akataka kumnunua. Luqmani alikataa kwa huzuni, akasema Bi huyu ni sawa na mama yake. Mzee akaongeza. Luqmani akasema hata mama hukua akaolewa. Bei waliyopatana ilikuwa ya gari aina ya Noah lisilo na mkwaruzo.

Ule ulikuwa mchongo wa maisha yake, na aliupanga kwa makini. Wauziane Alhamisi saa nane. Saa kumi awe kwenye treni ya Dar es Salaam. Mzee akigundua kuwa Bi wake hajibu, Luqmani awe ameshabadilisha namba, mtaa na pengine jina. Luqmani alimwambia Yasmin kuwa watagawana nusu kwa nusu. Kisha jioni hiyo, mara tu Yasmin aliporudi chumba cha nyuma, Luqmani akaegemea meza na kupiga simu ya tiketi. Moja tu, alisema. Hapana, hana mwenzake, mtu mmoja, ya kwenda bila kurudi.

Alhamisi Mzee Stambuli alifika na mfuko uliofungwa kwa kitambaa cheusi. Nyuma yake alikuja Rehani, mlinzi wake, mstaafu wa kiwanda cha jeshi cha Mzinga, mtu ambaye kichwa chake kilikaa moja kwa moja juu ya mabega. Rehani akasimama mlangoni. Luqmani alinyoosha mikono kuupokea mfuko, Mzee akaurudisha kifuani.

"Taratibu, mwanangu. Babu yangu alipanda pangoni Kolelo kuuliza mambo ya mvua, na sauti ikamjibu kutoka gizani. Aliniambia hivi: anayekupeleka kwenye sauti hapokei kitu. Sauti yenyewe ndiyo inayosema sadaka iende wapi."

Luqmani alicheka, akasema zamani ni zamani, hiki ni kifaa cha kisasa.

"Si ulisema hadanganyi?"

"Hadanganyi, Mzee."

"Basi tumuulize."

Luqmani hakuwa na wasiwasi. Yasmin aliijua kazi yake. Akabonyeza kwa goti, taa ikawaka.

"Shikamoo, Bi Mjuzi," alisema Mzee. "Sadaka hii nimkabidhi nani?"

"Marahaba. Usimpe yeyote aliye chumbani humu. Mpe mwanamke wa kwanza atakayepiga hodi."

Chumba kilikuwa na kiyoyozi, lakini baridi iliyompata Luqmani haikutoka huko. Akakohoa, akasema anadhani leo mtandao unasumbua.

"Mtandao hausumbui," alisema Bi Mjuzi.

Mzee akatikisa kichwa taratibu kukubali, kama mtu aliyesikia maneno ya babu yake yakitimia. Akauliza na huyu kijana aliyemtunza siku zote afanyiwe nini, maana hakutaka kuwa mtu asiye na shukrani.

"Usimwachie aende. Nimemzoea. Asipokuwa karibu nami, siongei. Leo saa kumi ana safari, amekata tiketi ya mtu mmoja. Aiahirishe."

Hapo ndipo Luqmani alipokumbuka kwamba simu iliyomo ndani ya lile ganda aliiweka yeye mwenyewe ili isikie, na kwamba haikuwahi kuchagua isikie yapi. Alikumbuka na alivyoegemea meza. Rehani aliufunga mlango kwa upole, naye akauegemea.

Ikapigwa hodi, Rehani akafungua. Aliingia mwanamke aliyejitanda kanga mpaka machoni, na kwa sauti iliyokauka kwa mafua akaomba maji ya kunywa. Mzee Stambuli akainuka, akamkabidhi mfuko kwa mikono miwili. Mwanamke akaupokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akasema, "Shikamoo, baba, Mungu akuzidishie." Kisha akamgeukia Luqmani.

"Habari za hapa, kaka?"

Tumwonee huruma Luqmani kwa dakika hii moja. Akisema huyu ni mwizi, ataulizwa anamjuaje. Akisema Bi Mjuzi ni mtu, Rehani yupo mlangoni. Akinyamaza, Noah inaondoka. Alizipima njia zote tatu, na zote zilikuwa za kwake mwenyewe, amezichimba kwa mikono yake. Ajabu ni kwamba kilichomuuma zaidi hakikuwa Noah. Alimwangalia yule mwanamke machoni, akaona kuwa kama angekusudia kweli kumpa nusu, hata robo, wangekuwa wanacheka wote.

"Nzuri, dada," alisema. "Karibu tena."

Yasmin alishuka ngazi bila haraka. Wengine wanasema alikwenda Dodoma, wengine wanasema alirudi Matombo kwa bibi yake kujenga. Luqmani hakupata nafasi ya kuchunguza, kwa kuwa kabla ya saa kumi alikuwa ameshapakiwa kwenye gari pamoja na Bi Mjuzi, amemshikilia mapajani, Rehani pembeni yake.

Mzee alimweka Bi Mjuzi kwenye kaunta ya ukumbi, na Luqmani akapewa stoo ya vinywaji iliyo nyuma ya kaunta, karibu naye, kama Bi alivyoagiza. Alikula vizuri. Alilala vizuri. Ila hakuruhusiwa kuvuka kizingiti. Siku ya kwanza Mzee alipomsalimia Bi na kukosa jibu, Rehani alianza kukunja mikono ya shati, na kutoka stoo, kati ya makreti ya soda, Luqmani akaitikia marahaba kupitia simu iliyomo ndani ya Bi, kwa sauti ya kike isiyo nyembamba sana.

"Mbona sauti imekuwa nzito?" Mzee aliuliza.

"Vumbi la njiani, Mzee," alijibu Luqmani, amebana koo kwa vidole viwili.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, mchana, Mzee alifungua rasmi. Wanamuziki walijaa: Geofrey na vijana wake mbele, Laurenti na kwaya nzima iliyovaa sare, Bi Mwaisha na kanga mpya. Meza za nyuma walikaa waendesha bodaboda na wanawake wa sokoni. Mzee akapanda juu ya kreti, akamwomba Bi Mjuzi awaambie wote kwa mara moja, bila kugawanya kwa kwaya wala singeli wala saa za jioni, wimbo gani unaongoza Morogoro.

Stoo, Luqmani alishapanga kumtaja Bi Mwaisha, ambaye ndiye angepiga kelele zaidi asipotajwa. Akaifungua chati kwenye simu yake ya pili, kwa mazoea tu. Juu kabisa palikuwa na uso wa Yasmin. Akaangalia tarehe, akaelewa: tangu jioni ile ya tiketi, simu arobaini za chumba cha nyuma hazikupiga wimbo wa mteja hata mmoja, ila huu wa Yasmin tu. Lakini simu arobaini haziwezi kuufikisha wimbo hapo. Wiki nzima alikuwa akiusikia ukiimbwa nje ya dirisha la stoo, na wahudumu, na wauza maji, na Rehani mwenyewe, naye Luqmani asijue ni wimbo gani. Sasa watu wote ukumbini walikuwa na simu mkononi na chati ileile machoni. Bi anayekosea hufunguliwa, na ndani ya Bi huyu angekutwa Luqmani.

Akabana koo. "Anayeongoza ni Yasmin," alisema. "'Sahani za Wageni'."

Akaupiga. Alitarajia manung'uniko, lakini Bi Mwaisha ndiye aliyeanza kupiga vigelegele, kwaya ikaitikia kwa sauti nne, na Geofrey akafumba macho. Watu walisogea mmoja mmoja kwenda kutunza, na kwa kuwa mwimbaji hakuwepo, noti waliziweka juu ya Bi Mjuzi. Luqmani alisikiliza ameketi kwenye kreti. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuusikia mpaka mwisho, na ulikuwa wimbo mzuri sana, na alijichukia kwa hilo.

Ulipokwisha, Mzee Stambuli aliinama karibu na ile taa ya bluu ili wengine wasisikie.

"Bi Mjuzi, jambo moja linaninyima usingizi. Sadaka yangu ya siku ile, ilimfikia mwenyewe?"

Kule stoo, Luqmani akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Ilimfikia, Mzee," alisema Luqmani, na safari hii alisahau kubana koo.

Mzee alishukuru, akavaa kofia yake, akaenda kuwahudumia wageni.