Miche Kumi na Saba ya Hoho

Jumatatu, 3 Machi

Kidoti amejibu! Baada ya wiki tatu na siku mbili. Ujumbe una maneno manne: "Niko bize, besti. Vipi?" Nimeusoma mara nyingi kuliko matokeo yangu ya mtihani. Miaka minne tumekaa dawati moja. Tumemaliza shule, yeye akapata chuo, mimi nikapata ufagio.

Nikaona nikimjibu "poa" tu, mazungumzo yatakufa palepale. Nikamwandikia kwamba nalima pilipili hoho. Miche arobaini. Sijui hata hiyo arobaini ilitoka wapi. Akajibu saa hiyohiyo: wewe? Na hiyo mikono laini? Basi atakuja kuziona wakifunga chuo, Jumamosi ya tarehe tatu Mei.

Atakuja!

Kilichobaki ni kupanda hoho.

Jumanne, 4 Machi

Nimetoa mbegu kwenye hoho mbili alizonunua mama. Nimechagua za kijani kibichi, ngumu, zinazong'aa. Mbegu bora hutoka kwenye tunda bora, hilo sihitaji kufundishwa. Nimezipanda kwenye trei ya mayai, kwa udongo niliouchanganya na mboji ya shimo la taka za jikoni. Mama aliporudi kutoka kushona, akauliza hoho zake za mchuzi ziko wapi. Nikasema ziko kazini. Hakucheka.

Jirani yetu Mama Mapacha ana hoho kando ya uzio, majani yanameremeta kama yamepakwa mafuta. Amechungulia, akaniuliza, wee mtoto, unaatamia mayai? Kama naatamia niseme, ataniletea kuku anipokee zamu. Nimecheka kwa adabu, nikaingia ndani na trei yangu. Ni wazi anapeleleza.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya tisa. Hamna kitu. Nimeanza kuzisalimia mbegu kila asubuhi. Si upweke. Mimea inahitaji kuzoea sauti ya mwenyewe.

Leo saa nane mchana nimegundua kuwa tangu niamke sijazungumza na mtu. Mama huondoka nikiwa nimelala. Nikasema "haya" kwa sauti, kujaribu. Sauti ipo.

Baadaye Mama Mapacha ameniita. Watoto wake wameanza shule, wanarudi jioni, mchana kutwa anaongea na masufuria; basi niende tuchambue mboga pamoja. Nimemwambia nina kazi nyingi. Ni kweli. Nalinda trei. Akauliza mbegu nilizitoa wapi. Sikumwambia. Anadhani mimi nimezaliwa jana.

Jumatano, 19 Machi

ZIMEOTA! Kumi na saba! Nyingine zimetokea pembeni kabisa, nisikopanda. Mbegu zenye akili, zinajichagulia mahali.

Nilitaka kupiga kelele. Nikatazama huku na huku, hakuna wa kumpigia. Nikaingia chumbani, nikapiga kwenye mto.

Nimemwandikia Kidoti. Hajajibu. Yuko bize.

Jumapili, 20 Aprili

Miche iko bustanini, inakaribia magoti. Majani yake yamechanikachanika na yana vinyweleo. Ya Mama Mapacha ni laini, mazima. Yangu ni aina nyingine, bila shaka bora zaidi. Mama ameinama akanusa, akasema mbona inanuka nyanya. Nimemwambia kwa heshima zote kwamba kila mtu na fani yake, yeye ashone. Akasema fani yake ndiyo inayoninunulia sabuni.

Mama Mapacha naye akachungulia, akashika mdomo, akaanza: mwanangu, hizo mbona siyo... Nikamwamkia shikamoo na kukimbilia ndani kabla hajamaliza. Wivu tu.

Maua mawili ya njano. Hoho hakuna. Zimebaki siku kumi na tatu.

Ijumaa, 2 Mei

Kidoti amethibitisha! Kesho saa nne asubuhi!

Hoho: sifuri.

Nimekwenda sokoni, nimenunua nane. Muuza mboga akauliza kama nyumbani kuna shughuli. Nikasema kuna mgeni wangu. Sikuwahi kusema "mgeni wangu" tangu nimalize shule. Nikalisema tena, akanipa chenji harakaharaka.

Mchana nimechukua uzi mweupe wa mama, nikazifunga kwenye miche moja moja, kwa fundo analofungia vifungo vya makoti. Ukisimama mlangoni na kufinya macho kidogo, ni shamba kabisa. Nimepanga viti viwili kivulini. Nikavisogeza karibu. Nikaona nimezidisha, nikavitenganisha.

Jumamosi, 3 Mei

Amekuja saa saba. Na mwenzake wa chuo, msichana mrefu, mpole. Anasomea kilimo. Kilimo! Masomo yote yaliyojaa duniani!

Viti ni viwili, nikasema mimi napenda kusimama.

Yule mrefu akaenda moja kwa moja bustanini. Akasugua jani, akanusa vidole. Akasema kwa upole, mpenzi, hii ni minyanya, imejiotea kutoka kwenye mboji. Halafu akauliza, sasa mbona imezaa hoho? Akaishika moja. Mche ukainama wote. Hoho ikabaki mkononi mwake, na uzi unaning'inia.

Kisha nyuma ya uzio nikasikia Mama Mapacha akijikohoza kuficha kicheko.

Hapo Kidoti akaangua. Kile kicheko chake cha darasani, kilichotutoa nje mara tatu, cha kupiga mapaja na kutafuta ukuta. Ukuta ulikuwa mbali, akaegemea bega langu. Akasema, besti, mambo ya shule umekuja nayo mpaka huku! Nami nikacheka. Ningekuwa na hoho mia, ningezifunga zote.

Simu yake ikalia. Wenzao wanawasubiri, wamechelewa. Dakika kumi na tisa, nimehesabu. Getini akanikumbatia, akasema tutaonana.

Nilikuwa nimepika chakula cha watu wengi. Mimi na mama tumekula wawili tu. Mama akaniongezea bila kuulizwa.

Jumatatu, 5 Mei

Mama Mapacha ameniita asubuhi. Hakunicheka. Amenipa hoho nyekundu, imeivia kwenye mti wake. Amenieleza kuwa zile za kijani ni changa, mbegu zake hazijakomaa, ndiyo maana hazikuota. Alitaka kuniambia tangu Machi, lakini kila akifungua mdomo mimi nimeshafika jikoni. Akasema niende mchana tupande mbegu za hii wote wawili, chai ataweka. Ameshapanga matofali mawili chini ya uzio, upande wake, nisiumie nikivuka.

Nimemshukuru sana. Nimemwambia siwezi.

Kwanza, kosa langu nimeshaligundua mwenyewe: uzi mweupe unaonekana. Nimemwomba mama uzi wa kijani. Pili, Mama Mapacha ni mtu mwema lakini haelewi hali yangu. Kidoti alisema tutaonana. Hakutaja siku. Inaweza kuwa siku yoyote, hata leo. Sasa akija akute mimi niko kwa jirani nakunywa chai?

Kwa hiyo kila siku lazima niwepo nyumbani.