Kalamu Moja ya Kero

Saa nne asubuhi, katika Idara ya Mizani na Vipimo, chai huingia. Shangazi, kama sote tunavyomwita mama wa chai, hapigi hodi kwa mkono, maana mkono wa kulia una birika na wa kushoto una sinia la vikombe. Hupiga hodi kwa kiwiko, huku akivumisha wimbo puani, nasi tunasogeza mafaili kando. Hakuna aliyewahi kuuliza wimbo ule ni upi. Ukiusikia unajua tu kwamba nusu ya asubuhi imekwisha na hujafukuzwa kazi.

Siku hiyo Shangazi alikuwa hajajaza hata kikombe cha kwanza, kipaza sauti cha ukumbini kikakohoa. Kipaza sauti hicho kilifungwa kwa ajili ya tahadhari ya moto. Kwa kuwa hatujawahi kuungua, anakitumia Mkurugenzi.

"Ndugu wafanyakazi! Idara hii imepima mawe ya mizani ya wauza nyama. Imepima vibaba vya wauza mchele. Lakini kero, nani amewahi kuipima? Nani amepima udhia wa mtu anayesoma simu yako kwa jicho la pembeni? Wa anayesema 'niko njiani' kumbe bado anatafuta soksi? Kuanzia leo natangaza kuanzishwa kwa Kitengo cha Upimaji na Udhibiti wa Kero Ndogondogo. Katibu wake ni yule binti wa masijala, ambaye ndiye aliyenipa wazo hili adhimu."

Binti wa masijala ni mimi. Chumba kizima kiligeuka kunitazama. Shangazi aliacha kuimba.

"We mtoto," Mhasibu akaninong'oneza, "tulikutuma ukaseme nini, na wewe umekwenda kusema nini?"

Naomba nieleze, kwa usahihi wa kiofisi. Wenzangu walikuwa wamenituma kwa Mkurugenzi kwa hoja kwamba sauti yangu ni ndogo, na sauti ndogo haimkasirishi mkubwa. Nilikwenda na sentensi moja tu. Niliifanyia mazoezi mbele ya kioo, nikaifanyia mazoezi tena kwenye ngazi. Nikaingia, nikaamkia, nikaanza:

"Mkurugenzi, wafanyakazi wanaudhika na tabia..."

"...za wenzao!" akadakia. "Umenena, binti! Mimi mwenyewe hazinipi usingizi!"

Nikafungua mdomo tena.

"Usinishukuru," akasema, akanifungulia mlango.

Nusu ya pili ya sentensi yangu ilibaki kooni. Kwa taratibu za utumishi, jambo ambalo halijawasilishwa halipo. Basi nikapewa meza.

Kitengo kilianza kazi kwa weledi mkubwa. Huwezi kupima bila kizio, kwa hiyo tulianza na kizio. Baada ya mjadala mzito tulikubaliana kwamba kizio cha kero kitaitwa kalamu. Kalamu moja ni udhia unaompata mtu mzima mwenye afya njema akiketi karibu na Mhasibu wakati Mhasibu anabofya kalamu yake, ta-tik, ta-tik, akijumlisha. Mhasibu alilia upendeleo, lakini baadaye nilimsikia akijisifu kwa mkewe kwenye simu kwamba amekuwa kipimo cha taifa. Alikuwa ameweka simu kwenye spika. Hiyo ni kalamu tatu.

Kumwambia mtu "umenenepa" ni kalamu nne, na saba mashemeji wakiwepo. Kuacha tone moja la maji kwenye mtungi ili usiwe wewe wa kuujaza, kalamu tano. Kupiga miayo mbele ya anayezungumza hakukupata kipimo, kwa sababu Mkurugenzi ndiye aliyekuwa akizungumza na sote tulipiga.

Zilifuata kanuni. Iliyompendeza Mkurugenzi kuliko zote ni Kanuni ya Chai, aliyoitunga mwenyewe, akaitia saini na kuitundika ukutani nyuma ya kiti chake: Chai inywewe bila mlio. Isipulizwe. Mwenye chai mdomoni asitamke neno mpaka ameze.

Kisha zikaja habari kwamba Katibu Mkuu wa Wizara atatutembelea kuzindua Kitengo. Mkurugenzi akaingiwa na wasiwasi. Kitengo cha udhibiti kisicho na mdhibitiwa, alisema, ni sawa na mizani isiyo na jiwe. Alihitajika mkosaji. Mhasibu asingeweza kuguswa, maana yeye ni kizio, na kizio kikiguswa vipimo vyote vinaharibika. Wengine wote walikuwa na ndugu mahali fulani. Shangazi alikuwa na birika.

Akaitwa mbele ya Kitengo.

"Shangazi, ni kweli unavumisha nyimbo kazini?"

"Ni kweli, baba, lakini naimba kwa sababu..."

"...kwa sababu huna kazi ya kutosha. Katibu, andika."

"Sivyo, baba. Mume wangu..."

"...amekuzoeza. Lakini hapa si nyumbani kwako."

"Mume wangu hawezi..."

"...kukukataza. Tumeelewa." Mkurugenzi akatugeukia, uso umemlainika. "Mnaona uungwana wa mama huyu? Amekiri yote, bila hata kusukumwa."

Kosa lake lilipimwa nusu kalamu, ila la kudumu. Adhabu ilikuwa uhamisho wa kwenda kwenye ghala la mizani mbovu, upande wa pili wa mji, ambako hakuna mtu wa kumnywesha chai wala wa kumuudhi. Barua ingetiwa saini mbele ya Katibu Mkuu, kama kielelezo.

Nilimfuata Shangazi kwenye chumba cha chai. Alikuwa anafuta vikombe vilivyokwisha kufutwa.

"Shangazi," nikasema, "mimi nitamwambia..."

Nikakwama. Yeye hakudakia. Alifuta kikombe, akakiweka, akachukua kingine, akangoja. Sikuwa nimewahi kuachiwa nafasi kubwa namna ile katika jengo lile, na sikujua niitie nini ndani yake. Nikaangua kilio.

"Haya, mwanangu," akasema. "Lia umalize. Sina haraka."

Nilipomaliza, akaniambia. Mumewe amepooza, na mdomo umekufa upande mmoja. Nyumba yao iko ng'ambo ya barabara, mbele ya geti letu. Kila adhuhuri Shangazi huvuka, humgeuza, humlisha, hurudi kuosha vyombo vya chai.

"Kusema hawezi. Lakini ule wimbo tuliokuwa tunaimba ujanani, nikiuanzisha, anaumalizia. Puani hivyo hivyo. Siku nyingine anachukua muda hadi uji unapoa. Mimi nangoja tu. Nikimmalizia, yeye atabaki na nini?" Akatundika kitambaa. "Sasa kutoka huko ghalani nitamfikia saa ngapi? Atalala ubavu mmoja kutwa nzima."

Katibu Mkuu alikuwa mama mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Tulipanga viti, tukatabasamu kwa kiwango kilichoidhinishwa.

"Nimekuja kuona..." akaanza.

"...mafanikio yetu!" akadakia Mkurugenzi.

"Nimekuja kuona kwa nini idara ya mizani..."

"...haikuanza mapema! Hata sisi tunajilaumu, mheshimiwa."

Katibu Mkuu akavua miwani. Polepole akaifuta kwa ncha ya mtandio wake, na Mhasibu, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaiweka kalamu mezani.

"Wazo hili," akasema mama yule, "lilitoka kwa nani?"

"Kwa binti huyu! Alikuja ofisini kwangu akaniambia watu wanaudhika na..."

"Nitamuuliza mwenyewe."

Wakati huo kiwiko kikagonga mlango. Shangazi aliingia na chai yake ya mwisho. Birika lilikuwa limetoka jikoni likichemka, kifuniko kinacheza. Mimi ni Katibu na huandika ninayoyaona tu, kwa hiyo siwezi kusema alikusudia nini. Niliyoyaona ni kwamba kikombe cha kwanza alimpa Mkurugenzi, akakijaza hadi ukingoni.

Mkurugenzi akakishika kwa furaha. "Mheshimiwa, tazama Kanuni ya Chai ikitekelezwa!"

Akapiga funda moja kubwa, bila mlio, bila kupuliza.

Macho yakamtoka. Kumeza hakuwezekani, labda awe na koo la bati. Kutema mbele ya Katibu Mkuu ni aibu ya kizazi. Na kusema neno kulikatazwa na karatasi iliyokuwa nyuma ya kichwa chake, yenye saini yake. Mashavu yakavimba, jasho likamtiririka. Akabaki anatoa sauti puani, "Mmm! Mmmm!", ambayo kwa vipimo vyetu ni nusu kalamu.

"Haya, binti," Katibu Mkuu akanigeukia. "Ulimwambia nini?"

Nikasimama.

"Nilimwambia, wafanyakazi wanaudhika na tabia..."

Nikanyamaza, kwa mazoea. Hapo ndipo Mkurugenzi huwa anaingia na maneno yake. Hakuingia mtu. Upande wa mlango, Shangazi alikuwa ameshika sinia tupu kifuani, ananitazama kama mtu asiye na haraka, akingoja.

"...yako, Mkurugenzi," nikasema. "Tabia yako ya kutudakia maneno. Mume wa Shangazi amekufa nusu ya mdomo, na hata yeye kwao huachwa amalize."