Mlinzi wa Fomalini

Jumatatu, 2 Juni 1958
Daktari wa maabara kasema wazi. Mwisho wa Agosti ufunguo wa stoo utakwenda kwa mmoja: mimi au Domitila. Atakayekosa, kazi basi. Nikikosa narudi kijijini Kisawasawa kufukuza ndege wa mpunga. Mimi, mwenye suruali ndefu mbili! Kila mmoja kapewa samaki wa Mto Kilombero ndani ya chupa ya fomalini, dawa ya kuzuia kuoza, amtunze asiharibike.

Jumanne, 3 Juni
Huyu Domitila, jamani! Dawa yake haikujaza chupa. Akaosha gololi, akazitumbukiza mpaka dawa ikafika shingoni. Akakaza kizibo, akaziba kwa nta ya nyuki, akaificha kabatini gizani. Nikamuuliza kulikoni. Akasema fomalini ikikaa na hewa huchacha ikawa asidi, na asidi hula mifupa ya samaki. Kichwa hicho! Nilitaka kupiga makofi. Nikajizuia, ni mpinzani.

Jumatano, 4 Juni
Sina gololi. Nimechukua komwe za bao za mjomba Tadei. Zimeelea! Nimezikandamiza kwa kijiti, zikaibuka, dawa ikanimwagikia miguuni. Basi, zikae hivyo hivyo. Mjomba anawashuku watoto wa jirani. Nimemsaidia kuwagombeza.

Jumamosi, 12 Julai
Ulinzi wangu hauna mfano. Asubuhi nafungua kizibo kuona kama hewa imeingia. Hakuna. Mchana nafungua tena. Hakuna. Jioni vilevile. Pua inawaka, machozi yananitoka, lakini kazi ni kazi. Domitila hajaigusa yake tangu aizibe. Ana akili, ila mzembe.

Jumamosi, 30 Agosti
Balaa! Samaki wa Domitila katoka mzima, mkakamavu, utadhani kavuliwa leo. Wangu Daktari alimshika mkia, mkia ukabaki mkononi, mwenyewe akarudi chupani. Mifupa laini kama ugali! Daktari akaniambia nifungashe virago. Domitila ndiye aliyemsihi anibakize niwe msaidizi wake. Alisema hajaona mtu mwenye bidii kama mimi. Nililia, na safari hii si kwa fomalini. Mwanamke wa shoka!

Jumatatu, 1 Septemba
Domitila kaenda Mahenge kumwona mama yake. Kaniachia ufunguo na chupa zake zote, zimezibwa nta. Kasisitiza hewa isiingie. Kuaminiwa na mtu kama yule! Siwezi kumwangusha. Kabla ya chai nimeikwangua nta yote, nimefungua chupa moja moja. Hewa hakuna hata chembe.