Kihehe cha Siku Nne

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi ya Mbeya imeingia mpaka kwenye magodoro. Lakini leo mimi nina moto! Kwenye ubao wa idara pamebandikwa tangazo. Dk. Severina anatafuta wasaidizi wa utafiti kwa likizo ndefu, wanafunzi wa mwaka wa pili kama sisi. Utafiti wenyewe ni wa maharage ya kienyeji. Wawili wataenda Igowole, Mufindi, kuwahoji mabibi wanaotunza mbegu. Hao lazima wajue Kihehe. Wawili watakaa sokoni Mbalizi kuwahoji wauzaji. Hao wanatakiwa wajue Kiswahili na wavumilie vumbi, basi.

Wenzangu walisimama pale wakipigia hesabu posho. Mimi mstari wa posho hata sikuusoma. Nilikuwa namwangalia Yusta, naye anasoma mstari wa Igowole huku anatabasamu. Igowole ni kwao. Nikamsikia akimwambia rafiki yake Anjela kwamba hiyo ni yake kabisa, atalala kwa mama yake likizo nzima.

Miezi mitatu! Likizo iliyopita ilikuwa wiki mbili tu, nikakonda. Mama akaninywesha dawa ya minyoo. Si minyoo, mama. Ni huyu binti anayekaa mbele yangu kwenye kipindi cha Takwimu, anayegeuka na kuniazima rula hata kabla sijaomba. Nina rula tatu, zote nimezificha.

Mbalizi ni kwetu. Soko lenyewe linatazamana na duka la baba. Nikafanye nini kule? Nimeomba Igowole. Palipoulizwa Kihehe nimeandika: vizuri sana.

Jumanne, 10 Juni

Tatizo dogo. Sijui Kihehe.

Babu alipanda huku na biashara kutoka Kilwa, na nyumbani ni Kiswahili kutwa kucha. Baba anasahihisha hata wageni. Basi nikamwendea Gideoni, tunayeishi naye chumba kimoja na kusoma darasa moja, Mhehe wa Iringa. Nikamwomba anifundishe kabla ya usaili wa Ijumaa. Akasema kwa siku nne sitajifunza hata kulia kwa Kihehe. Hata hivyo akakubali, sharti nimfulie mashuka. Kwa maji haya ya Juni! Vidole vimekufa ganzi.

Nimepata neno moja: kamwene. Ndiyo salamu. Gideoni anasema ukilitamka kwa heshima, umeinama kidogo, unapokewa popote. Nimelitamka mbele ya kioo mpaka Gideoni akahamia chumba cha pili.

Jumatano, 11 Juni

Kuna adui. Anaitwa Shedrack. Naye kaomba Igowole, na Kihehe amezaliwa nacho. Tena ni mpole, jambo linalokera zaidi.

Nikamfuata kantini, nikamweleza kindugu. Igowole ni matope na ukungu, na Dk. Severina anawatembeza watu milimani mpaka kucha zinang'oka. Alinisikiliza vizuri. Akanishukuru. Akaninunulia chai.

Niko kwenye chai hiyo Yusta akapita, akauliza nimeomba wapi. Nikasema ni siri. Akasema haya, akabaki amesimama kidogo, kama mtu aliyesahau kitu, halafu akaenda. Ningemwambia nini? Kwamba yeye akitoka kantini mimi huwa nahesabu amebakiza vipindi vingapi mpaka arudi? Chai ilipoa, nikaiacha.

Ijumaa, 13 Juni

Aibu. Aibu tupu!

Shedrack alitangulia kuingia, miguuni buti mpya za mpira. Mlango haukufungwa vizuri. Nikamsikia Daktari akimsifu kwamba huyu ndiye kijana aliyejiandaa, anajua anakokwenda. Buti zile zimenunuliwa kwa mdomo wangu mimi!

Zamu yangu. Nikatoa shikamoo. Daktari hakuuliza kitu, akapiga simu, akaweka sauti kubwa mezani. Upande wa pili alikuwa bibi yake, Bibi Verediana wa Igowole, mmoja wa hao watunza mbegu. Nikaambiwa nizungumze naye kidogo.

Nikaiinamia simu. Kamwene. Bibi akafurahi, akaitikia, akaendelea na jambo refu ambalo mwishoni lilipanda kama swali. Nikasema kamwene. Akauliza tena, polepole, kama anasema na mgonjwa. Nikainama zaidi. Kamwene. Kisha bibi akageukia Kiswahili, akamuuliza mjukuu wake:

"Huyu mtoto mbona anapiga hodi tu, haingii?"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Lakini hakunifukuza. Akaniuliza kwa upole, hasa hasa nilikuwa nafuata nini Igowole. Hapo ndipo pa kusema. Nikajibu kwamba napenda maharage.

Akanitafutia nafasi nyingine palepale, kwa mwenzake anayechunguza panya wa mashamba ya mpunga kule Madibira. Akasema lugha haitanisumbua, panya hawaulizi maswali.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi nilikuwa nimeshajipanga. Madibira mpaka Mafinga, Mafinga mpaka Igowole, kila Jumapili. Yusta akishangaa, namwambia kuna panya namfuatilia.

Ndipo akanikuta maktaba. Akakaa. Akasema jana alimwomba Daktari amtoe Igowole, ampeleke Mbalizi. Nikamuuliza, na mama yako je? Akatazama meza. Akasema kwa mama yake ataenda mwishoni mwa likizo. Akasema pia kwamba alidhani mtu wa Mbalizi ataomba Mbalizi.

Nilichelewa kuelewa. Nilipoelewa, masikio yaliwaka.

Akaniambia nafasi ya pili ya sokoni bado iko wazi, maana watu wanaogopa vumbi.

"Jumatatu nenda kwa Daktari umwambie ukweli, Yunusu. Hata mimi ungeniambia tu."

Nikaitikia kwa kichwa. Sijala tangu mchana na wala sina njaa. Furaha yote hii nitaiweka wapi?

Jumatatu, 16 Juni

Ukweli ni kitu kizuri, ila hauna uhakika. Jana kutwa nimewaza. Mwanamume mzima aingie ofisini kwa mwalimu wake, aseme nihamishe kwa sababu ya binti wa watu? Haiwezekani. Nikatafuta njia ya heshima.

Nikaingia nakohoa. Nikaeleza kwamba panya wananibana kifua tangu utotoni, hivyo naomba Mbalizi, karibu na nyumbani.

Daktari aliniamini kabisa. Kwa kweli nina kipaji. Aliinuka mwenyewe kuniletea maji. Akasema, pole mwanangu, kwa kifua hicho vumbi la maharage litakumaliza. Akanikataza kazi yoyote mpaka likizo iishe. Halafu, mimi bado nimeshika glasi, akampigia Gideoni kumpa nafasi ya Mbalizi. Gideoni akakubali kabla hajamaliza kuelezwa.

Yusta alikuwa ananisubiri kwenye ngazi. Nikamsimulia yote, na kikohozi. Hakukasirika. Heri angekasirika. Akasema basi nipone haraka. Akateremka ngazi taratibu, na hakugeuka.

Nina hamu naye, na hata hajasafiri bado. Nilibaki pale mpaka mfagizi akaniomba nimpishe.

Lakini sijashindwa! Nimeshampigia baba. Nyuma ya duka kuna magunia mawili ya maharage ya njano. Nitayaweka sokoni, nivae kofia ya babu na miwani ya baba, jina langu litakuwa Mzee Faraji, muuzaji wa siku nyingi. Yusta atalazimika kunihoji. Nasikia dodoso lake lina kurasa kumi na mbili. Nitajibu polepole.