Mkate wa Kauboi Juu ya Paa

Alhamisi, 2 Aprili 1998

Nimedhalilika! Kalista, niliyemfuata kutoka Moshi hadi Guangzhou kwa kisingizio cha kununua fulana, kala chapati nne za Harun. Nne! Harun wa Mombasa, chumba cha jirani, anasukuma chapati huku anajichekesha. Mimi hata yai linanishinda. Lakini leo nimeona kanda ya video: makauboi wanakanda unga, maji na chumvi, wanaubandika kikaangoni juu ya moto wa kuni, basi! Mkate wa wanaume. Nimemwambia Kalista babu yangu alifundishwa na mzungu wa ranchi. Atakuja Jumapili ya Matawi, akitoka misa. Nitamchumbia palepale.

Jumamosi, 4 Aprili

Kuni nimepata, kreti bovu la mzigo. Cha kuwashia? Bahati iliyoje! Pale mtaa wa Dengfeng bibi mmoja anauza karatasi za rangi ya dhahabu, kavu, rahisi kuliko magazeti. Wachina wanazigombania. Watu wanapenda kuota moto hawa! Nimebeba furushi zima.

Jumapili, 5 Aprili

Sijapata kuona! Mkate umeiva juu ya paa, mweusi kidogo pembeni. Mama mwenye nyumba akapanda. Nikajua nafukuzwa. Akapiga magoti! Akaegemeza picha ya marehemu mumewe kwenye kikaango, akawasha udi, akausujudia mkate wangu huku analia. Binti yake akanieleza kuwa leo ni siku yao ya kuwakumbuka wafu, na karatasi zile huchomewa marehemu wazitumie huko waliko. Mungu wangu! Ningemzuiaje mjane? Nikainama naye. Nainuka, Kalista huyo mlangoni, tawi la Matawi mkononi.

"William," akauliza taratibu, "huu mkate umempa nani kwanza?"

Nikamwambia ale tu, mzee wa pichani hajaugusa. Akashuka ngazi. Kwa Harun! Na pete bado iko mfukoni.

Jumanne, 7 Aprili

Kalista hasemi nami. Kamwambia Harun kwamba chakula cha tambiko hali, na mtu wa matambiko haolewi naye. Moyo unaniuma kweli.

Ila asubuhi nafungua mlango: wajane sita, kila mmoja na picha na unga wake! Mama mwenye nyumba kawatangazia kwamba mumewe kamtokea ndotoni, kashiba. Kashiba mkate wangu! Nimewakubali wote. Tumepanga Jumapili ya Pasaka, moto mkubwa. Kalista nimempelekea mwaliko, aone nilivyo mtu wa kutegemewa. Nimemtengea kiti cha mbele kabisa, katikati ya marehemu.