Mpango wa Kumhamisha Kipanga

Jumamosi, 9 Agosti

Majibu ya vyuo yametoka. Nimepata viwili! Nimeruka kwa furaha nikagonga kichwa kwenye kabati la vyombo. Kisha nikasoma vizuri.

Chuo cha Mnara, kile kikongwe cha katikati ya mji, chenye mnara wa saa na wahitimu wanaotembea kama wenye nchi, kimenipa ukutubi. Kupanga vitabu! Chuo Kipya, kule nyuma ya kiwanda cha saruji, kimenipa uhandisi ujenzi. Mimi nataka kujenga madaraja. Nimetaka hivyo tangu niko chekechea. Ila nataka nijifunzie chini ya ule mnara.

Na Baba? Usiseme! Ni fundi wa majokofu, na kila mteja aliyeingia karakana leo ametoka na habari kwamba mwanawe anakwenda Mnara. Kinyozi wa mlango wa pili ameambiwa mara tatu. Kozi haijatajwa.

Kipanga, binti wa shangazi yangu wa ghorofa ya chini, amepata uhandisi vyuo vyote viwili. Ningeshangaa asingepata. Tangu darasa la kwanza yeye wa kwanza, mimi wa pili, na kila mwisho wa muhula shangazi hunipa pole kama mtu aliyefiwa. Siku ya mwisho ya kuthibitisha ni Ijumaa.

Jumapili, 10 Agosti

Wazo! Limenijia nikipiga mswaki. Kipanga hawezi kukalia viti viwili. Akichukua Chuo Kipya, kiti chake cha uhandisi pale Mnara kitabaki wazi. Mimi nitakuwa humo humo, najifanya napenda vitabu. Mwaka wa pili naomba kuhama kozi, nakalia kiti cha binamu yangu. Kiti kinabaki ndani ya ukoo! Nimejishangaa. Akili hii ilikuwa wapi wakati wa mtihani?

Kilichobaki ni kumpambia Kipanga hicho Chuo Kipya mpaka kimeremete. Nikashuka. Nikamwambia kina bustani. Akauliza bustani ya nini. Nikasema ya maua. Akauliza maabara ya zege ina mashine gani. Nikasema nzuri. Akaniangalia kama mwalimu anayengoja nusu ya pili ya jibu. Haikuja. Kesho lazima niende mwenyewe kukusanya sifa.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekwenda Chuo Kipya. Bustani hakuna. Kuna vumbi la saruji na paka mmoja, naye ana vumbi. Mlinzi akaniuliza nataka nini. Nikasema naangalia tu.

Mlango wa maabara ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na mhadhiri, mama wa makamo mwenye mabuti na koti lililojaa vumbi. Wanafunzi wanamwita Mama Zege. Alikuwa anaweka kwenye mashine kipande cha zege chenye ukubwa wa mkate. Akaniita niingie bila kuuliza mimi ni nani, akasema nikisie kitavunjika lini. Mashine ikaanza kukandamiza. Mshale ukapanda. Nikasema sasa! Wapi. Ukapanda tena. Nikasema sasa! Wapi. Nikanyamaza, na hapo hapo kikapasuka, PAA! Nikajikuta nimemkumbatia mwanafunzi nisiyemjua.

Mama Zege akaokota kipande kimoja akanionyesha. Ufa ulikuwa umezunguka kokoto badala ya kuzikata, maana yake saruji haikuzishika sawasawa. Waliochanganya zege lile walikuwa wamesimama pale pale, wamejikunyata. Hakuwagombeza. Alisema afadhali limevunjika hapa mezani kuliko likiwa limebeba basi lenye watu, kisha akachukua koleo akaanza kuchanganya upya pamoja nao. Mhadhiri! Na koleo! Wakawa wanacheka, wanabishana, yeye katikati yao kama nahodha wa timu. Nilikaa mpaka wakafunga milango. Sijawahi kuona mtu anaijua kazi yake namna ile na bado anaifurahia. Nimevutiwa, nisidanganye.

Lakini mpango ni mpango.

Jumanne, 12 Agosti

Nimemhubiria Kipanga. Ajabu ni kwamba sikutia chumvi hata punje. Nikaeleza ufa, kokoto, koleo. Nikasimama juu ya kiti cha cherehani cha shangazi kuonyesha mshale ulivyopanda. Shangazi akaacha kushona. Kipanga akasema twende.

Tukaenda. Majengo hakuyatazama hata kidogo. Aliwauliza wanafunzi pale getini ni wangapi kati ya walioanza nao bado wapo, na mtu akikwama nani humsaidia. Mimi ningeuliza kantini iko wapi. (Niliuliza. Iko nyuma.) Halafu akamuuliza Mama Zege, kavukavu, kama mtu akitaka kuhamia Mnara baadaye masomo yake yatahesabiwa. Nilitamani ardhi inimeze. Ndiyo kwanza anabisha hodi, tayari anauliza njia ya kutokea!

Mama Zege hakununa. Akasema mwanafunzi wa uhandisi aliyefaulu vizuri anaweza kuomba kuhama mwaka wa pili, na masomo yanayofanana yatahesabiwa. Yeye mwenyewe atamsindikiza kwa sifa zote, kisha atajifungia ofisini alie. Wakacheka wote wawili. Nikawahusudu. Laiti ningekuwa na ujasiri wa kuuliza jambo waziwazi namna ile!

Jioni Kipanga akathibitisha Chuo Kipya. Ushindi!

Jumatano, 13 Agosti

Nimethibitisha ukutubi. Mfumo ukauliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo kwa kishindo. Nafasi yangu ya Chuo Kipya ikafutika mbele ya macho yangu. Nikaufungua ukurasa upya, labda imejificha. Haipo.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekwenda ofisi ya udahili ya Mnara, nimevaa shati la Baba la harusini. Nikamweleza karani kwamba kiti cha binamu yangu kimebaki wazi, na kwa kuwa mimi ndiye ndugu wa karibu, nimekuja mapema kukiwekea alama. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaita wenzake, nikarudia mbele yao.

Kisha akanieleza polepole, kama unavyomweleza mgonjwa, kwamba nafasi ya chuo si shamba. Hairithiwi. Ya Kipanga imeshapewa mtu aliyekuwa kwenye foleni ya uhandisi. Na kutoka ukutubi kwenda uhandisi hakuna kuhama, leo wala kesho, maana hesabu na fizikia za mwaka wa kwanza nitakuwa sijazisoma. Ningeanza uhandisi popote pale, hata Chuo Kipya, hapo ningeweza kuomba.

Hata Chuo Kipya!

Nikaenda kukaa kwenye ngazi za mnara. Nikatazama juu. Saa yao imesimama. Nikawaza madaraja yote ambayo sitayajenga, na Mama Zege akichanganya zege bila mimi. Nililia. Naandika hivyo kwa sababu hakuna atakayesoma.

Ijumaa, 15 Agosti

Asubuhi nimemwambia Kipanga kila kitu, hata ile habari ya ukoo. Nilidhani atanirushia pasi ya shangazi. Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe alijua nina jambo tangu ile bustani ya maua! Lakini Jumanne, niliposimama juu ya kiti, aliona sidanganyi tena. Alisema hajawahi kumsikia mtu akizisifu kokoto namna ile, na kwamba ni mimi niliyemfanya achague. Alikuwa na hakika nami nimechagua huko huko.

Akavaa viatu. Akasema ofisi haijafungwa.

Karani alipomwona akaniuliza kama huyu ndiye marehemu. Kipanga akauliza swali moja tu: mtu aliyethibitisha kwa makosa anafunguliwaje kabla ya muda kwisha? Karani akasema, kwa kuomba tu. Kwa kuomba tu! Mimi njiani nilishatunga ugonjwa, na dalili zake.

Nikaomba. Nikafunguliwa. Nafasi yangu ya Chuo Kipya ilikuwa bado haijachukuliwa. Mfumo ukauliza kama nina hakika. Nikaujibu kwa sauti, ofisi nzima ikageuka.

Ikabaki kazi ya kumwambia Baba. Nikaanza na mashine ya kuvunja zege, nikawa naogopa kufika kwenye mnara. Akanikatiza. Alitaka kujua mota yake ni ya aina gani, na ikiharibika nani huitengeneza. Sikujua. Akasema nimuulize huyo mama mwenye koleo, tena haraka. Kisha akaenda kwa kinyozi kumwambia kwamba mwanawe ameukataa Mnara, hata saa yenyewe mbovu.

Jumamosi, 16 Agosti

Binamu gani huyu! Akili anayo, moyo anao, na viatu huvaa upesi. Nimemwambia hivyo uso kwa uso, na wala sikumvisha kilemba cha ukoka. Akaona haya, akasema nimwache ale. Nikaapa mbele ya shangazi kwamba mipango basi. Kuanzia leo mambo yangu yote waziwazi.

Mchana nikawaza kitu kidogo. Tutakuwa darasa moja. Miaka minne. Yeye wa kwanza, mimi wa pili, na pole ya shangazi kila muhula.

Ila Mama Zege si alisema mwenyewe? Mwanafunzi wa uhandisi aliyefaulu vizuri anaweza kuhama mwaka wa pili. Na nani atafaulu kama Kipanga? Angependeza sana chini ya ule mnara! Anachohitaji ni mtu wa kumsifia Mnara kwa ukweli mtupu, na mimi maabara yao bado sijaiona.

Jumatatu nakwenda. Naangalia tu.