Kola Yangu ya Siri na Maikrofoni ya Kanisa

Leo nimeaibika. Tena kanisani, tena kwenye maikrofoni, tena nikiwa na skafu ya sufu shingoni katika joto hili la Doha ambalo hata ngamia wanaliombea lipungue.

Kaeni vizuri niwasimulie kabla hamjaletewa video. (Najua wengine mshaiona. Tulieni, mwacheni mwenye aibu aieleze mwenyewe.)

Kwa msionijua, mimi ni Wafula, mlinzi katika jengo moja refu la West Bay. Refu kiasi kwamba ukidondosha kofia kutoka juu asubuhi, unaiokota chini baada ya chakula cha mchana. Ukiacha ulinzi, mimi ni msomi. Nimehitimu masomo ya jioni ya ujasiriamali, na tangu siku ile wenzangu chumbani wananiita Profesa. (Wao wanatania. Mimi naitika.)

Mwalimu wetu, Mwalimu Idris, ni Msudani mpole ambaye miwani yake hukaa kwenye ncha ya pua kama inataka kuruka. Alitufundisha kwamba wazo la biashara halitafutwi mbali. "Tazama kinachokukera kila siku," alisema. "Biashara iko hapo."

Mimi kinachonikera ni kola. Kabla ya kila zamu, mudir wetu, yaani meneja, anatupanga mstari, anapitisha tishu nyeupe ndani ya kola ya kila mlinzi. Tishu ikitoka na rangi ya chai, umekwisha. Shati lote safi, pasi imekaa, viatu vinang'aa mpaka unaona meno yako, halafu kola inakusaliti! Na kufua shati zima kila siku, katika chumba ambacho watu wote tunagombea mashine moja, hiyo si kufua. Hiyo ni vita.

Ndipo nikavumbua. Kola ya kubandua! Inashika kwenye shati kwa vifungo vya kubonyeza. Ikichafuka unaibandua, unaifua peke yake kwenye sinki, unabandika nyingine, unaenda kazini shingo juu. Siku wazo lilipokuja niliinuka kitandani kwa nguvu nikagonga kichwa kwenye kitanda cha juu. Ssali, dereva Mganda anayelala huko juu, anadai alirushwa mpaka akaiona Kampala.

Nikalipeleka wazo kwa Dada Mwanaidi, fundi cherehani Mzanzibari anayeshonea nyumbani kwake Abu Hamour. Kabla hajashika mkasi nilimwapisha asimwambie mtu yeyote, hata mumewe. Maana Mwalimu Idris alituonya: ukitaka hataza, yaani hati ya kutambua kwamba uvumbuzi ni wako, usiuonyeshe hadharani kabla ya kwenda kuuandikisha. Ukishauonyesha, unaweza kuhesabiwa si mpya tena, na haki yako imepotea. Nililishika neno hilo kama Injili.

Mpango ulikuwa hivi. Jumapili, ambayo huku ni siku ya kazi, ofisi zikifunguliwa, naenda kuandikisha. Leo Ijumaa, siku yetu ya mapumziko, baada ya ibada kule Mesaimeer, napitia kwa Dada Mwanaidi aitazame kola kwa mara ya mwisho, shingoni mwangu, nikiwa nimetoka nayo jasho. Kwa hiyo ilibidi niende nayo kanisani. Na mnajua Ijumaa pale Mesaimeer wamejaa akina nani? Walinzi! Watu ambao kazi yao ni kutazama, na maisha yao yanaongozwa na kola!

Suluhisho: skafu. Alinifumia mama kule Bungoma, akiamini kwamba ng'ambo yote ni baridi. Nimekuwa nikiivaa wiki nzima, kila ninapotoka na kola yangu ya majaribio. Shingo imewasha. Shingo imetoka vipele. Shingo imekuwa nyekundu, na mimi ni mweusi wa kutosha, kwa hiyo mjue ilikuwa imejitahidi. Nikavumilia. Wavumbuzi wote wameteseka.

Jana Ssali alinitazama nikijikuna, akashindwa kunyamaza.

"Ssebo, hiyo shingo ina nini?"

"Haina kitu."

"Haina kitu, na umeifunga kama mtoto mchanga? Nje kunachemka! Hebu nione."

"Usiguse! Siwezi kukuonyesha mpaka Jumapili."

"Jumapili kuna nini?"

"Ssali, ndugu yangu, usiniulize. Ikifika Jumapili mtajua wote."

Ssali akachukua simu yake akatoka nje. Baadaye akaniletea juisi ya embe, ya kwake mwenyewe, yenye jina lake kwenye chupa. Tangu niijue dunia, Ssali hajawahi kumpa mtu juisi. Ningekuwa na akili ningeshtuka. Mimi nilikunywa. (Nikamwomba na biskuti. Akanipa!)

Leo asubuhi akasisitiza kunipeleka kwa gari mpaka Mesaimeer, akiendesha polepole kama amebeba mayai. Kila tukifika kwenye tuta ananitazama. "Uko sawa, Profesa?" Niko sawa. Nikajisemea, kumbe huu ndio urafiki.

Ibada ikaanza. Nimeketi katikati, jasho linatiririka kama bomba la zimamoto. Mama mmoja nyuma yangu ananipepea kwa feni yake ya mkononi. Tukaimba, tukaketi, halafu Mchungaji akashika maikrofoni kwa sauti ya huzuni.

"Wapendwa, kuna ndugu yetu mmoja hapa anaugua. Anaugua shingo. Amekuwa akiuficha ugonjwa wake, hataki kutusumbua. Jumapili anapewa majibu yake."

Jamani! Nilimwonea huruma ndugu huyo! Nikafumba macho. Nikamwombea kwa moyo wote. Mchungaji aliposema "Bwana amguse," mimi ndiye niliyepaza "Amina!" kuliko wote. Nadhani iliamsha watu West Bay.

Nikafumbua macho. Kanisa zima linanitazama.

Wale wa kulia kwangu walikuwa wamesogea kidogo. Ssali analia. Na kwenye njia ya katikati anakuja Mama Njeri, kiongozi wa kikundi chetu cha maombi, Mkikuyu anayelea watoto wa watu wiki nzima na kutulea sisi siku ya Ijumaa. Mama Njeri akikushika mkono, unaenda. Niliinuliwa kama kikapu cha nguo.

Mbele ya madhabahu, Mchungaji akaninong'oneza, "Ndugu Wafula, toa skafu tukuombee."

"Siwezi, Mchungaji."

"Usiogope."

"Siogopi. Siwezi kisheria."

Bahati mbaya maikrofoni ilikuwa karibu. Kanisa lote likasikia, na minong'ono ikaanza. Nilimsikia kaka mmoja wa mstari wa mbele akimuuliza mwenzake, "Ni ugonjwa gani huo unaokatazwa na sheria?" Wa mstari wa mbele wote wakahamia wa pili.

Mama Njeri hakungoja sheria. "Wewe kijana, aibu haiponyi mtu!" Akashika ncha ya skafu, akavuta. Mimi nikashika upande wa pili, nikavuta. Akavuta. Nikavuta. Mimi nalinda jengo la West Bay, lakini yule mama amebeba mapacha kwa miaka, ana mikono ya chuma. Akakaza mguu mmoja, akaita jina la Bwana, akavuta mara moja tu.

Pwa! Pwa! Pwa! Pwa!

Vifungo vyote, kimoja baada ya kingine, ndani ya maikrofoni. Kwenye spika ilisikika kama mifupa.

"Shingo imekatika!" mtu akapiga yowe.

Mama Njeri alikuwa amesimama na skafu mkononi, na ndani ya skafu kola yangu, nyeupe, imekaa umbo lake kamili la shingo kana kwamba mwenyewe bado yumo. Simu zote zikapanda juu. Mimi nimesimama na shati lisilo na kola na shingo yenye vipele, nikijigusa kuhakikisha kichwa kipo.

Mama Njeri akaitazama kola. Akanitazama. Akaipandisha juu.

"Muujiza!" akasema.

"Si muujiza, Mama," nikasema kwa sauti ndogo. "Ni kola."

"Kola ya nini?"

Mchungaji, kwa nia njema kabisa, akanipa maikrofoni nijieleze. Hapo ndipo nilipojimaliza. Mhitimu wa ujasiriamali hapewi maikrofoni! Nilidhani nitasema neno moja niketi. Lakini nikaona kanisa limejaa, macho yote kwangu, simu zote juu, na ile hotuba niliyokuwa naifanyia mazoezi bafuni ikatoka yenyewe.

"Wapendwa, mmechoshwa na tishu nyeupe?"

"Ndiyo!" walinzi wakajibu.

Basi nikawaka. Nikaeleza vifungo vimekaa wapi. Nikaeleza kwa nini kuna utepe ndani usioonekana. Nikaibandika, nikaibandua, nikaibandika tena nimefumba macho. Nikamwita Ssali nikambandikia yeye. Nikasema hata aina ya kitambaa, na fundi ni nani na anashonea wapi! Watu walipiga makofi, Mchungaji akacheka mpaka akashika madhabahu, na Mama Njeri akasema, "Basi tumshukuru Mungu, shingo ni nzima."

Nikarudi kuketi nikitabasamu kama mshindi. Nilikuwa nimeshakaa kitini, tena nimekunja nne, ndipo nikakumbuka. Hadharani. Kabla ya kuandikisha. Kwa maikrofoni. Na video.

Nilifika Abu Hamour nimenywea. Dada Mwanaidi alifungua mlango akiwa na simu mkononi, na kutoka kwenye hiyo simu nikasikia sauti yangu mwenyewe: "Wapendwa, mmechoshwa na tishu nyeupe?"

"Hebu nifahamishe, Wafula," akasema taratibu, na utaratibu wake ndio ulionitisha. "Mie nashona nimefunga mapazia mchana kweupe. Mume wangu nimemkataza chumba chake mwenyewe, anadhani namficha jambo. Kumbe wewe wenda kuinadi kanisani?"

"Nilidhani naombewa, dada."

"Ungeombewa ulimi, si shingo."

Nikampigia Mwalimu Idris palepale. Nikamweleza yote, nikamuuliza kama haki yangu imepotea. Akavuta pumzi ndefu.

"Wafula, swali moja. Kabla ya kuificha, uliitafuta? Ulitazama kama ipo tayari duniani?"

"Kutafuta, mwalimu?"

"Lilikuwa somo zima."

(Somo hilo nalikumbuka. Nilikuwa nimetoka zamu, nikalala nikiwa nimekaa, kalamu mkononi.)

"Kola za kubandua," akasema kwa upole ule wa daktari, "walizivaa babu za babu wa Wazungu. Zilipitwa na wakati kabla hatujazaliwa."

Kwa hiyo wiki nzima ya vipele nililinda siri ambayo dunia ilishaichoka! Nikakaa sakafuni. Dada Mwanaidi akaniletea maji. Mwalimu Idris, kwa kuwa ana huruma, akaniambia bado kuna kitu naweza kukilinda, nacho ni jina. Nichague jina zuri la bidhaa, niliandikishe kama alama ya biashara, mtu mwingine asilitumie.

Jina! Wakati huo mlango wa Dada Mwanaidi ulikuwa unagongwa. Alikuwa Ssali na walinzi wa kutosha kulinda uwanja wa ndege, kila mmoja na mashati yake kwapani.

"Tumekuja kutengenezewa muujiza," Ssali akasema.

"Kutengenezewa nini?"

"Si ile kola? Watu wote wanaiita muujiza."

Dada Mwanaidi akanitazama, mimi nikamtazama. Akafungua mapazia yote, akaivuta cherehani katikati ya chumba. Mumewe akaja kuchungulia, akaona kola, akacheka kwa namna ya mtu aliyetua mzigo.

Nami nikaona njia. Muujiza! Jina fupi, linashika, na tayari linatembea mjini lenyewe. Jumapili naenda kuandikisha, na safari hii simwambii mtu.

Simu ikalia. Mama Njeri.

"Wafula mwanangu, nasikia kola inashonwa."

"Ndiyo, Mama."

"Na inaitwa Muujiza."

"Ndiyo, Mama."

"Hilo neno nani alilitoa kwanza?"

Nikajikuna shingo.

"Nililitoa mimi, kwa kinywa changu, mbele ya mchungaji na kanisa. Na video ipo. Kwa hiyo Jumapili tunaenda pamoja. Kula vizuri, upake mafuta hiyo shingo."

Akakata.

Basi ndugu zangu, ndiyo hivyo. Naombeni msinicheke. Na yule atakayeshindwa kabisa kujizuia, alete shati kwa Dada Mwanaidi kwanza, akishabandikiwa kola ndipo acheke.